Watuta wa Runzewe na Wavamizi wa Lindisfarne: Ni Nani Aliyeshika Kalamu?

Katika muhula uliopita, jioni moja ya Jumamosi, wanafunzi wetu wa somo la Historia ya Kanisa walituomba ruhusa ya kutazama pamoja tamthilia ya televisheni ihusuyo Wavikingi, yaani wale wavamizi wa baharini waliotoka Norwe, Denmark na Sweden kati ya karne ya 8 na ya 11. Mfululizo huo ulianza kuonyeshwa mwaka 2013, na baadhi ya vijana wetu walikuwa wamekwisha kuuona katika vile viitwavyo vibanda umiza, ambamo mfasiri hushika kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili yale yasemwayo kwa lugha ya kigeni, na mara nyingi akiongeza ya kwake. Tuliwakubalia kwa masharti mawili: kwamba itazamwe sehemu moja tu, ile ya pili, ambayo yahusu kuvamiwa kwa monasteri ya Lindisfarne, na kwamba baada ya kutazama tukae na kuijadili kama tujadilivyo andiko lolote la kale.

Habari yenyewe ni fupi. Mkulima mmoja aitwaye Ragnar, aliyechoka kuongozwa na mtawala wake kwenda daima mashariki, aivuka bahari ya magharibi pamoja na wenzake katika chombo kipya. Baada ya dhoruba wafika pwani ya Uingereza, waikuta nyumba ya watawa wasio na silaha, nao waua, wapora, na kuwachukua mateka wale waliosalia. Ndani ya kanisa Ragnar amkuta mtawa kijana, Athelstan, amejificha akiwa amekumbatia kitabu cha Injili. Mvamizi ashangaa: katika nyumba iliyojaa dhahabu na fedha, kwa nini mtu huyu amechagua kuokoa kitabu? Hamuui. Amfunga kamba na kumchukua mateka.

Tulitazamia kwamba majadiliano yangekuwa juu ya kitabu hicho. Hayakuwa hivyo. Mwanafunzi mmoja atokaye Bukombe, kijana ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, alisimama na kusema, "Mwalimu, wavamizi wa hawa wana tamthilia. Wa kwetu wamebaki kuwa tusi." Kisha akaeleza kwamba upande wa baba yake ni uzao wa Watuta, na kwamba alipokuwa mtoto, kila ulipozuka ugomvi wa kuchunga ng'ombe, jina hilo ndilo walilorushiwa. Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, kwa sababu tulikumbuka jinsi tulivyokuwa tukifundisha kwa miaka kadhaa sura ya kuja kwa Injili kusini mwa Ziwa Victoria: kwanza giza, na ndani ya giza hilo Watuta; kisha nuru. Hatukuwahi kufikiri kwamba darasani palikuwa na mjukuu wao akiandika maneno yetu katika daftari lake.

Makala hii yatokana na jioni ile. Haikusudii kuwatetea wavamizi. Yakusudia kuuliza habari zao zilipatikana kwa nani.

Na tuanze na Lindisfarne, kwa kuwa huko maandishi ni mengi. Shambulio lilitokea mwaka 793. Kisiwa hicho, kilichoko pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, kilikuwa mahali patakatifu pa Mtakatifu Cuthbert, na habari za kuvunjwa kwake zilienea haraka kwa sababu walioumizwa walijua kuandika. Waandishi wa Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni walisimulia juu ya ishara za kutisha mbinguni, umeme na majoka ya moto yaliyoruka angani. Mwanachuoni Alcuin, mzaliwa wa York aliyekuwa akimtumikia Mfalme Karolo Mkuu wa Wafaranki, aliandika barua za maombolezo kwa askofu wa kisiwa hicho na kwa mfalme wa nchi. Katika barua hizo twaona jambo ambalo tamthilia haikulionyesha. Alcuin awakemea Wakristo wenzake kwa kuiga mtindo wa nywele na ndevu wa wapagani hao hao. Basi, kama watu walikwisha kuiga nywele zao, walikuwa wamewaona kabla ya siku ya moto. Pengine walikuwa wamefanya nao biashara. Mvamizi hakutoka mawinguni pamoja na yale majoka. Alikuwa uso uliofahamika sokoni.

Kuhusu Wavikingi wenyewe, kwa muda mrefu hatuna sauti yao ila maandishi machache yaliyochongwa juu ya mawe. Masimulizi yao marefu yaliandikwa huko Iceland hasa katika karne ya 13, na wajukuu waliokwisha kubatizwa. Huyo Ragnar wa tamthilia hana hakika ya kuwa mtu mmoja aliyepata kuishi. Watungaji wamempa ndugu aitwaye Rollo, hali Rollo wa historia alipewa nchi na mfalme wa Wafaranki mwaka 911, miaka 118 baada ya Lindisfarne. Hatuwalaumu sana watungaji kwa hilo. Wazee wetu nao, wasimuliapo, huwakutanisha katika vita moja watu ambao hawakuonana.

Sasa tuje Runzewe. Msomaji asiyeijua nchi yetu afahamu kwamba Runzewe iko katika Wilaya ya Bukombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga na tangu hapo ni ya Mkoa wa Geita. Ni nchi ya Wasumbwa, yenye misitu ya miombo, na Uzinza iko kaskazini yake kuelekea ziwani. Huko ndiko Watuta walikoweka makao yao katika miaka ya 1850, na kutoka huko walizishambulia nchi za jirani kwa muda wa miaka thelathini na zaidi.

Walikuwa tawi la Wangoni, na asili ya Wangoni ni kusini mwa Afrika, karibu na nchi ya Wazulu. Waliondoka huko baada ya Shaka kuwashinda Wandwandwe karibu na mwaka 1819. Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Watu walioitwa hofu ya nchi yetu walianza safari yao wakiwa wakimbizi. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapita magharibi ya Ziwa Nyasa, wakafika Ufipa, na huko kiongozi wao akafa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake walifarakana. Wengine walirudi kusini, wengine wakaenda mashariki hata Songea. Na hao waliokuja kuitwa Watuta walishika njia ya kaskazini kandokando ya Ziwa Tanganyika, wakafika mpaka Ujiji, kisha wakageuka kuelekea Runzewe.

Safari hiyo yote ilikwenda kwa miguu, pamoja na ng'ombe, wanawake na watoto. Tuhesabu basi. Tangu kuondoka kwao kusini hata kufika Runzewe ilipita miaka ipatayo arobaini. Askari aliyeondoka kwa Wazulu akiwa kijana wa miaka ishirini alikuwa mzee wa miaka sitini alipoiona nchi ya Wasumbwa, ikiwa aliiona. Ni akina nani, basi, waliokuwa wakipigana? Jibu lajulikana vema kwa wale waliochunguza desturi za Wangoni. Walikuwa mateka. Kila nchi waliyopita, vijana wa kiume walichukuliwa, wakagawanywa katika vikosi vya rika, wakafundishwa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea, wakapewa jina la kikosi na lugha ya kikosi. Wasichana waliolewa. Kijana aliyetekwa mwaka huu, baada ya miaka michache aweza kuwa yeye atekaye. Kwa hiyo Mtuta aliyeingia kijiji cha Wazinza alfajiri, ngao mkononi, huenda alizaliwa Ufipa, au kando ya Ziwa Tanganyika, au katika kijiji kilichoko mwendo wa siku mbili tu kutoka pale.

Hilo ndilo tusilolifundisha. Tumesema "Watuta walikuja", kana kwamba taifa zima, lenye damu moja, lilishuka kutoka kusini kama nzige. Ukweli ni kwamba jina lilitoka kusini pamoja na ngao na mpango wa vikosi, na watu wenyewe, kwa sehemu kubwa, waliokotwa njiani na hatimaye hapa kwetu.

Habari za Watuta zilizoandikwa zilitoka kwa watu waliowaogopa, au waliosikia kutoka kwa waliowaogopa. Burton aliandika juu yao katika kitabu chake cha mwaka 1860, akitegemea maneno ya wafanyabiashara wa misafara. Speke, aliyepita Uzinza mwaka 1861, alikwama huko miezi kadhaa akiwa mgonjwa, akisumbuliwa na watawala waliodai hongo na wapagazi waliokataa kwenda mbele; na katika sababu walizozitoa wapagazi, Watuta hawakukosekana. Twaweza kuamini kwamba waliogopa kweli. Twaweza pia kuamini kwamba mpagazi asiyetaka kwenda hupata sababu, na katika miaka hiyo hapakuwa na sababu iliyo bora kuliko hiyo. Kwa njia kama hiyo jina hukua. Watu wenyewe walijikusanya ndani ya maboma makubwa na kuzizungushia nyumba zao kuta za miti na minyaa, na hata leo mtu asafiripo Usukumani huona kaya zilizozungukwa na minyaa bila kujua ni hofu ngapi zimepita katika ua huo, ya wanyama, ya Wamasai waliokuja kutoka mashariki kutwaa ng'ombe, na ya Watuta kutoka magharibi.

Stanley atupa mfano mwingine wa kalamu, na mfano huu ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1871 alijiunga na Waarabu wa Tabora katika vita dhidi ya Mirambo, mtemi wa Urambo, nao walishindwa vibaya. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 Mirambo ni jambazi wa msituni. Aprili 1876, akirudi kutoka ziwani, Stanley alikutana na mtu huyo huyo uso kwa uso huko Serombo, katika nchi ya Wasumbwa. Akamkuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini, na akamsifu kuwa ni mwungwana. Wawili hao wakachanjiana damu wakawa ndugu. Mirambo hakuwa amebadili kazi yake kati ya mwaka 1871 na 1876. Aliyekuwa amebadilika ni mwandishi, au mahali alipoketi mwandishi.

Na Mirambo mwenyewe ni ushahidi wa jambo tulilolisema juu ya mateka. Yasimuliwa kwamba katika ujana wake alikaa kati ya Watuta, na kwamba aliijua lugha yao. Jina Mirambo si la kuzaliwa. Yasemwa maana yake ni maiti, na ni jina la vita. Alichukua mbinu za Watuta, akawaita vijana wasio na ukoo wala shamba, akawapa bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu, na vijana hao ndio ruga-ruga. Mara nyingine Watuta wa Runzewe walipigana upande wake. Alipotaka, aliweza kuifunga njia ya biashara kati ya Tabora na Ujiji. Mtu huyu huyu aliomba walimu na waganga wa Kizungu, na Dk. Southon wa Chama cha Misioni cha London aliishi karibu naye tangu mwaka 1879 hata mwaka 1882, daktari huyo alipofariki. Mirambo alikufa Desemba 1884, na dola yake haikudumu.

Katika mtaala wetu Mirambo hutajwa kwa heshima, kuwa ni mjenzi wa dola na mpinzani wa wageni, hali Watuta, waliomfundisha, hutajwa kwa tauni. Hatukuweza kumpa yule mwanafunzi sababu ya tofauti hiyo iliyoturidhisha. Yawezekana ni kwa sababu Mirambo alipata watu wa kuandika habari zake wakiwa wameketi katika baraza lake.

Tumekwisha kusema kwamba wavamizi wa Lindisfarne walitafuta dhahabu na fedha. Hapa kuna kichekesho cha historia ambacho hatuwezi kukipita. Watuta waliitawala na kuipiga nchi ambayo chini yake imelala dhahabu nyingi kuliko nyumba zote za watawa wa kaskazini. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, ukafunguliwa upya kwa ukubwa mwaka 2000. Bulyanhulu iko Kahama. Na wachimbaji wadogo wameijaza nchi yote mashimo tangu Bukombe hata Nyarugusu. Hatusomi popote kwamba Watuta waliwahi kuinama kuitafuta. Walitaka ng'ombe, nafaka na watu, na hasa watu. Katika nchi yenye ardhi tele, mali ya mkubwa ilikuwa ni idadi ya waliomwita baba. Nao Wavikingi, kwa kweli, walifanya hivyo zaidi ya tamthilia ionyeshavyo: biashara ya watumwa ilikuwa sehemu kubwa ya faida yao, na mji wa Dublin, waliouanzisha wao, ulikuwa soko mojawapo la watu. Huyo Athelstan aliyefungwa kamba hakuwa tukio la pembeni. Yeye ndiye bidhaa.

Kuna mtu mwingine wa kitabu ambaye yafaa tumweke karibu na mtawa huyo. Alexander Mackay wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, alipofukuzwa Buganda na Kabaka Mwanga mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaishi huko mpaka kifo chake Februari 1890. Katika mwaka 1888 alimzika huko Askofu Parker. Mwaka 1889 aliwapokea Stanley na Emin Pasha walipopita na msafara wao. Siku zake nyingi zilikwenda katika kufua vyuma, kujenga, kupiga chapa, na kutafsiri Maandiko kwa Kiganda, kwa ajili ya waumini walioko mbali ng'ambo ya maji. Kwa watu wa Usambiro wenyewe hakuacha Injili katika lugha yao. Hatusemi hili kwa kumlaumu marehemu, kwa kuwa mtu mmoja hafanyi yote. Lakini ni kweli kwamba kitabu kilikuwa hapa, ndani ya nchi iliyoogopa Watuta, na hakikuandikwa habari za watu wa hapa wala kwa maneno yao. Wale waliokuwa na kalamu karibu walikuwa wakiitazama Buganda.

Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliwatiisha Watuta pamoja na majirani zao wote, na mashambulio yakakoma. Nini kilifuata? Jambo lililotokea Normandy. Wale Wavikingi waliopewa nchi pamoja na Rollo mwaka 911 walioa wanawake wa hapo, na haikupita miaka mia moja wajukuu wao wakawa wanasema Kifaransa na kujenga makanisa. Huko Runzewe na Kahama vilevile, mama ndiye aliyefundisha lugha ya nyumbani, na mama alikuwa Msumbwa, Mzinza, Mha, Msukuma. Lugha ya vikosi ilibaki katika majina machache na nyimbo. Mjukuu wa mvamizi akalima mihogo na pamba, akalipa kodi, akabatizwa au akasilimu kama jirani yake. Kilichobaki kimesimama peke yake ni lile jina, nalo likawa tusi la wachungaji wa ng'ombe.

Ndugu zetu wa kaskazini hawakubaki na tusi. Hamburg, mahali alipokuwa askofu Ansgar aliyewahubiri Wadenmark na Wasweden, pamechomwa na Wavikingi mwaka 845. Lakini Mfalme Harald wa Denmark alibatizwa karibu na mwaka 965 na kusimamisha jiwe la kutangaza hivyo. Katika karne ya 16 nchi hizo zote zilipokea matengenezo ya Luther. Misioni ya Kanisa la Sweden ilishika kazi ya Bukoba katika miaka ya 1940, Wadenmark wakaja kusaidia, na Wanorwe wakafika Mbulu katika miaka ya 1950. (Wafini, waliofanya kazi nyingi katika Usukuma, tusiwahesabu hapa; wao walikuwa katika waliovamiwa.) Wazee wetu waliobatizwa na wamisionari hao hawakuwauliza kama babu zao waliichoma Lindisfarne. Yule mwanafunzi wa Bukombe alilitambua hili kabla yetu. Alituuliza kama mmisionari Mdenmark aliwahi kuitwa Mvikingi katika ugomvi wa uwanja wa kanisa. Tulimjibu kwamba hatujasikia. Na kwamba Mdenmark wa leo hulivaa jina hilo kwa fahari katika kofia za mpira.

Mwanafunzi mwingine, ambaye familia yake ilipoteza ng'ombe wote kwa wezi wenye bunduki, alipinga mjadala huu wote. Alisema kwamba mwenye kuvamiwa ana haki ya kumtukana mvamizi, na kwamba sisi tulioketi chuoni twafanya anasa ya huruma. Hoja yake si nyepesi. Katika nchi hii ujambazi wa ng'ombe si historia ya kale. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 bunduki zilitapakaa, mifugo ikaporwa, watu wakauawa. Na mwaka 1982 wanakijiji wa Kahama na sehemu za jirani walianzisha sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na filimbi, wakiongozwa na watemi wao wa kijiji, wakiitana kwa mwano kama babu zao walivyoitana walipoonekana wavamizi. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 Bunge liliutambua ulinzi huo kisheria. Lakini baadhi ya vikundi viligeuka kuwatafuta wachawi. Vikongwe walipigwa, wakafukuzwa makwao, na wengine wakauawa, kwa mikono ya walinzi waliokusanyika kuzuia kuuawa kwa watu. Mwano uleule uliokusanya kijiji kumkabili jambazi ulikikusanya mlangoni kwa ajuza. Tulimwambia mwanafunzi huyo kwamba hasira yake twaikubali, na kwamba twamwomba tu aangalie inaelekea mlango upi.

Tuliwafungulia wote wawili Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Sura ya 30 yajulikana sana na wahubiri: Waamaleki wauchoma mji wa Siklagi na kuwateka wanawake na watoto, Daudi alia mpaka nguvu zamwishia, kisha awafuatia na kuokoa wote. Ni hadithi ya waliovamiwa, na makanisani kwetu huhubiriwa kwa nguvu. Sura ya 27 haihubiriwi. Humo Daudi mwenyewe, akiwa mkimbizi chini ya mfalme wa Gathi, azipiga nchi za Wageshuri, Wagirizi na Waamaleki, atwaa kondoo, ng'ombe, ngamia na mavazi, na hamwachi hai mwanamume wala mwanamke, kusudi asibaki mtu wa kupeleka habari. Kisha amdanganya mfalme juu ya mahali alipokwenda. Mkimbizi aliyegeuka mvamizi, na wafu wasio na mwandishi. Wanafunzi waliosoma Biblia tangu utotoni walitazamana. Aliyeandika sura hizo mbili aliziweka karibu, wala hakuifuta ya kwanza kwa sababu ya heshima ya mfalme. Kumbukumbu za namna hiyo, ambazo zamhesabia dhambi mtu wa nyumbani, ni adimu katika maandishi ya kale, na Lindisfarne hatuzioni kwa wingi. Sisi tunaofundisha historia ya nchi hii hatujaziandika bado.

Tulifanya jambo moja dogo. Tuliwapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aende kwao akamwulize mzee mwanamke, si mwanamume, habari za wanawake walioolewa katika ukoo. Tuliwataka wanawake kwa sababu wanaume wasimuliapo ukoo hutaja waliopigana, na waliotekwa hupotea.

Kazi nyingi zilizoletwa zilikuwa fupi, na mbili au tatu zilionekana kuandikwa ndani ya basi. Ya mwanafunzi wa Bukombe ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Bibi yake mzaa baba, mwenye umri upitao miaka themanini, alimsimulia aliyosimuliwa na mama mkwe wake, naye mama mkwe huyo aliyasikia kwa mama mkwe wake mwenyewe, aliyekuwa mke wa Mtuta. Huyo wa mwisho alichukuliwa akiwa binti mdogo kutoka nchi ya karibu na ziwa, siku moja wakati wa mavuno, pamoja na mbuzi na nduguye wa kiume. Nduguye aliingizwa katika kikosi, na alipokwisha kuwa askari alipita naye wakaonana, akamletea nguo, hakusema ameitoa wapi. Yeye aliolewa, akazaa watoto sita, na alikufa Runzewe akiwa mzee sana. Mpaka mwisho alikataa kula samaki wa mtoni, akisema si samaki. Mwanafunzi alimwuliza bibi yake jina la mama huyo. Bibi alisema kwamba mumewe alimpa jina la Kingoni, ambalo hakulipenda, na kwamba lile la kwao hakuna aliyelisikia. Katika ukoo waliitana kwa majina mengi, lakini yeye, miaka yote ile, aliitwa Mzinza.